Kiti cha Mkwe: Siku Tano kwa Baiskeli kutoka Mgori hadi Kilimatinde

Jamani, nimechoka kusimulia. Tangu nirudi, kila anayeleta tairi kuzibwa anaanza na swali hilo hilo la safari, na kabla sijamaliza kumjibu anaingia mwingine, inabidi nianze upya. Mbaya zaidi, habari imeanza kutembea bila mimi. Nimesikia kwamba nilimfunga mama mkwe kwa kamba kama gunia la vitunguu. Nimesikia kwamba tulitumbukia mtoni, na kwamba tulipiga soga njia nzima kama marafiki. Hakuna la kweli hapo, na hilo la soga ndilo la uongo kuliko yote. Kwa hiyo nimenunua daftari, nimekaa, nimeandika. Anayetaka kujua asome, kisha alirudishe bila madoa ya grisi.

Baiskeli yenyewe

Tangu biashara ya nje ifunguliwe, mitumba haiji nguo peke yake. Mzigo ukifunguliwa unakuta masufuria, viti, na baiskeli ambazo hata anayeziuza hajui zilitengenezwa kwa kazi gani. Hii yangu ya kijani si ya mashindano yenye tairi jembamba, wala si ya milimani yenye tairi la meno. Ipo katikati, ndiyo maana pale kijiweni mliibatiza Chotara. Gia zake ni nyingi na fremu ni nyepesi, lakini ilikuja na siti nyembamba, kama imetengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na nyama mwilini.

Mnakumbuka nilivyoihangaikia. Usukani wake ulikuwa mnyoofu kama mpini wa jembe, unamwinamisha mtu mpaka viganja vinakufa ganzi. Nikautoa, nikafunga ule uliopinda wa baiskeli nyeusi ya Kichina, nikaunyanyua mpaka nikawa nakaa wima kama mtu aliye mezani. Siti nikaweka ile pana yenye springi. Msimamo wangu mnaujua: baiskeli haimfai mtu mpaka mtu mwenyewe apimwe. Mteja wangu namkalisha juu, namwambia aweke kisigino kwenye pedeli ya chini, natazama goti. Goti likibaki limepinda, siti inapanda. Simwachi aende mpaka goti litulie, hata akinuna.

Sasa, mke wangu Zaituni ni mwalimu Kilimatinde, na mimi kazi yangu ipo hapa Singida mjini. Alikuwa na mimba ya pili. Ile ya kwanza mnajua ilivyokuwa: mtoto alizaliwa, akaishi siku moja. Mama yake alikuwa njiani, basi likaharibika, akafika siku mbili baada ya mazishi. Zaituni hakumlaumu mtu. Lakini safari hii barua yake ilikuwa na mstari mmoja tu chini ya salamu: "Nataka mama awepo."

Barua ilinifikia wakati mvua zimekwisha kubomoa makalavati ya barabara ya Manyoni. Mabasi yalikuwa yamelala na reli imefungwa. Mama mwenyewe yuko Mgori, upande mwingine kabisa. Baiskeli inaweza kubebwa begani pale barabara ilipokatika, basi haliwezi. Nikaona ni mimi na Chotara, hakuna mwingine.

Tatizo lilikuwa ukwe. Mimi nimezaliwa mjini, baba alikuja na biashara kutoka pwani, mama ni Mnyamwezi, nyumbani kwetu mambo haya hatukuyakazania. Mkwe wangu ni Mnyaturu wa Mgori wa zamani. Kwake, mkwe wa kiume haguswi, hatazamwi usoni, hasemeshwi moja kwa moja. Nikitokea njiani, yeye anaingia pembeni, anageuka mpaka nipite. Miaka saba ya ndoa, nilikuwa nimeisikia sauti yake kupitia ukutani tu. Mtu wa namna hiyo utampakia vipi nyuma yako siku tano bila kukushika?

Nikaenda kwa mchomeleaji, tukatengeneza keria mpya ya nondo. Juu yake nikafunga kiti cha sponji kilichovikwa ngozi ya mbuzi, chenye egemeo la mgongo. Chini ya siti yangu nikafunga usukani wa pili unaomwelekea abiria, ili mkwe ashike wake asinishike mimi. Kati yetu nikasimamisha kipande cha plaiwudi, upana wa mgongo wangu, ili nikifunga breki ghafla asinilalie. Jirani yangu fundi saa aliuliza kama natengeneza baiskeli au najenga nyumba.

Vikanyagio vya miguu yake ndivyo vilivyonipa kazi. Vipimo ningepata wapi? Mkwe hapimwi. Hata kumwagiza mtu akampime ni aibu, maana lazima utaje miguu yake. Nikafungua daftari langu la wateja, nikatoa vipimo vya Zaituni, kwa sababu Mgori nzima husema Zaituni na mama yake ni mtu mmoja. Nikafunga vikanyagio kwa kipimo hicho, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaitazama kazi yangu, nikajisifu.

Mgori hadi mjini

Nililala kwa shemeji yangu Juma, nikala ugali wa uwele na mlenda mpaka nikalegea. Tulipanga kuondoka alfajiri. Tuliondoka jua limepanda, kwa sababu wanawake wa kitongoji walikuja kukikagua kiti. Kila mmoja alitaka kukaa. Mmoja, rika la mkwe wangu, alikaa, akashika usukani wa nyuma, akakataa kushuka mpaka asukumwe kuzunguka nyumba. Alipotelemshwa alitangaza kwamba hata mkuu wa wilaya hana kiti kama kile.

Mkwe alitoka mwisho, amejifunika kanga mbili, uso ameuelekeza kwenye zizi. Mkononi alikuwa na kikapu chenye kuku jike mwekundu, wa kumpikia supu Zaituni akijifungua. Nikatazama mbele, kwenye mgongo wa ng'ombe mmoja, wakati Juma anamsaidia kupanda. Nilikuwa nimeshusha siti yangu chini sana, ili nyayo zangu zote mbili zifike ardhini na baiskeli isiyumbe anapopanda na kushuka. Kwa fundi kama mimi hilo ni kosa, goti linapinda mno, lakini niliona bora goti langu kuliko yeye aanguke.

Juma alitusindikiza kwa baiskeli yake mpaka mjini, na yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu. "Mama anasema pole na kazi," anasema. "Mwambie asante, hata sijachoka," najibu. Mkwe yuko nyuma yangu, nusu hatua, anasikia kila neno, lakini lazima lipite kwa Juma kwanza. Kila tulipokutana na mzee njiani tulisimama, tukashuka, tukaamkia shikamoo, tukaulizwa habari za mvua, za mazao, na za huo ukuta wa plaiwudi. Tulifika mjini jioni, nimeamkia watu wengi kuliko siku ya Idi.

Mjini hadi Ikungi

Asubuhi Juma alimpandisha mama yake, akaaga, akarudi kupanda mtama wake. Tukabaki wawili, na kuku.

Tuliyapita majabali ya nje ya mji kimya. Nilikuwa najiuliza: akitaka kusimama atafanyaje? Jibu nililipata mbele kidogo.

"Wewe kuku," nikasikia sauti nyuma ya plaiwudi, polepole, kwa Kiswahili chenye Kinyaturu ndani yake. "Mwambie mwenye baiskeli kwamba una kiu."

Nilikaribia kucheka, lakini nilifurahi. Nikasimama, nikatazama mbali, akashuka. Nikachukua kifuniko cha chupa, nikamnywesha kuku. Kuku hakutaka. Mkwe alisimama ameshika mti, muda mrefu, kisha akapanda.

Baadaye kidogo: "Wewe kuku, mwambie mwenye baiskeli jua linakuunguza." Nikasimama, nikakisogeza kikapu kivulini, nikakifunika kwa majani mabichi. Nilijiona mkwe mwema sana. Baadaye tena, kuku alikuwa amechoka kutikiswa, nikakitandikia kikapu koti langu.

Kwenye kalavati lililobomoka tulimkuta dereva wa lori aliyekaa pale siku sita. Alikuwa amezoea mahali pale kama nyumbani, kamba ya nguo ameifunga kutoka kwenye lori mpaka kwenye mgunga. Alitukaribisha ugali na dagaa, akanisaidia kuvusha Chotara kwenye maji ya magoti, huku wanawake wawili waliokuwa wanachota maji wakimshika mkwe mikono kumvusha.

"Mama yako?" dereva aliuliza.

"Mkwe."

Akatazama plaiwudi, akatazama usukani wa nyuma, akatoa kofia. "Ndugu yangu," alisema, "mimi na lori langu zima nisingethubutu."

Ikungi tulipokewa na familia ya mteja wangu wa zamani. Niliona mkwe anaingia ndani akishika ukuta kwa mkono. Nikajiambia ni umri. Walisema alikula kidogo sana. Nikajiambia ni uchovu wa kawaida. Kuku alikula vizuri, hilo nilihakikisha mwenyewe.

Ikungi hadi Issuna

Siku hii ndiyo ninayoona haya kuiandika, lakini niliahidi ukweli.

Tangu asubuhi kuku hakutulia. Ana kiu, ana njaa, anasikia kizunguzungu, anataka kutazama mawe. Hatukumaliza kilima bila kusimama. Magoti yangu yalikuwa yanawaka kwa ile siti iliyoshuka, wingu lilikuwa linajijenga upande wa Manyoni, na mimi kichwani nilikuwa nahesabu siku za Zaituni. Mara ya sita au ya saba uvumilivu ukaniisha.

"Kuku," nikasema, bila kugeuka, na kwa sauti ambayo haikumkusudia kuku. "Mwambie bibi kwamba tukikusikiliza wewe, mtoto atazaliwa, ataota meno, ataanza shule, na sisi bado tupo njiani."

Kuanzia hapo kuku hakuomba kitu tena, hata maji. Nilikanyaga pedeli moja kwa moja, upepo ukinipiga usoni, nikafurahi kwamba sasa tunakwenda. Nilifurahi kabisa, jamani, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Issuna nilisimama mbele ya kibanda cha mama mmoja anayeuza chakula. Nikaweka miguu chini, nikakaza mikono, nikatazama mlimani nikimsubiri ashuke. Hakushuka. Nikasubiri. Baiskeli ikatikisika, nikasikia kishindo.

Niligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso, na uso wenyewe ulikuwa chini kwenye mchanga. Alijaribu kuinuka kwa mikono, lakini kutoka kiunoni kwenda chini hakuna kilichomtii. Akavuta kanga akajifunika kichwa, kwa sababu namtazama. Na mimi nimesimama pale, mtu mzima mwenye mikono miwili yenye nguvu, siwezi kumgusa. Kama ningemgusa ningemwongezea aibu juu ya maumivu. Nilijiona takataka.

"Jamani!" nikapiga kelele. "Jamani, nisaidieni!"

Yule mama wa chakula akatoka mbio na mwiko mkononi. Mama Yohana, ndivyo anavyoitwa. Hakuuliza. Alimwinua mkwe kwa kumkumbatia kifuani, akamwingiza nyuma ya kibanda. Mimi nikabaki na kuku.

Walikaa huko muda mrefu. Nilisikia maji yakimwagwa, nikasikia Kinyaturu kinazungumzwa kwa haraka, nikasikia mkwe analia kidogo. Mama Yohana alipotoka alikuwa na uzi wa katani mkononi, na macho yake hayakuwa mazuri.

"Wewe ni nani wake?"

"Mkwe, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na kazi yako?"

"Fundi baiskeli."

"Fundi baiskeli," akarudia. "Shika."

Akaninyooshea uzi. Ulikuwa na mafundo mawili. "Kutoka mwisho huu mpaka fundo la kwanza, kiunoni mpaka gotini. Mpaka fundo la pili, unyayoni. Nimempima mimi, wewe huna dhambi. Sasa nenda ukatazame huo mti wa mateso uliomtengenezea."

Nilishika fundo la kwanza kwenye ukingo wa kiti cha ngozi, nikanyoosha uzi kwenda chini. Fundo la pili lilipita kikanyagio, likaendelea kushuka, likasimama shubiri nzima chini yake. Nikapima tena. Nikapima upande wa pili, labda upande wa pili ungenihurumia. Zaituni amerithi uso wa mama yake na miguu ya marehemu baba yake. Siku tatu yule mama alikuwa amekunjwa magoti kifuani kama mtu aliyefungiwa sandukuni, damu haipiti, na hakuwa na namna ya kuniambia. Angesemaje? Aanze kumtajia mkwe wake mapaja na kiuno? Hata kuku hawezi kutumwa neno kama hilo. Alichoweza kusema ni kwamba kuku ana kiu, na mimi nikamnywesha kuku.

Nikakaa chini pale pale. Mama Yohana akaniletea ugali na kuku wa mchuzi, akaniona siwezi kumeza, macho yake yakalainika. "Kula kwanza," alisema. "Kisha utengeneze. Alisema usigombezwe sana."

Hapakuwa na umeme wa kuchomelea. Nikafungua vile vikanyagio, nikavitoa. Nilipata tairi kuukuu kwa mwenye duka, nikalikata mikanda minne, nikaining'iniza kutoka kwenye keria, na chini yake nikafunga vipande vya mti wa mninga nilivyochonga upana wa unyayo, kwa kipimo cha fundo la pili. Ili visiyumbe vikaingia kwenye spoku, nikavifunga kwa waya mpaka kwenye ekseli, na upande wa ndani nikaweka ngao ya bati la kopo la mafuta. Egemeo la mgongo nikalirudisha nyuma kidogo. Usukani wake nikaugeuza uinuke, viwiko visichoke. Nilichofanya mchana ule ndicho ninachowafanyia wageni wote wanaokuja kwangu, na yeye nilikuwa sijamfanyia.

Nilipomaliza, Mama Yohana alikwenda kumweleza, akarudi akicheka kwa mara ya kwanza.

"Anasema na wewe upandishe siti yako."

"Yangu?"

"Anasema magoti yako yanatokeza pembeni ya ubao kama ya panzi, na tangu Mgori anayasikia yanalia. Anasema unajiumiza kwa ajili yake. Wewe panda juu ukae unavyotakiwa, yeye atapandia kwenye jiwe. Hapa kwetu mawe yamekosekana lini?"

Nikachukua spana, nikajifanya natafuta nati iliyoanguka, ili asione machozi. Mimi nilikuwa nimekaa siku tatu mbele ya mtu anayeumia nikimwangalia kuku. Yeye alikuwa amekaa na maumivu yake akiyasikiliza magoti yangu.

Issuna hadi Manyoni

Tangu hapo tulisafiri. Kabla ya hapo tulikuwa tunasogea tu.

Nilitafuta jabali la kimo cha keria, nikaegemeza Chotara pembeni yake, nikatazama mbele, na mkwe akatembea juu ya jiwe akakaa kitini mwake bila kuyumba. Siti yangu ilikuwa juu, mguu unanyooka, gia zinabadilika moja baada ya nyingine bila kukwama. Mvua ilikuwa imeushindilia mchanga, matairi hayakuzama. Kuku alilala.

Kisha mkwe akaanza kumsimulia kuku. Simulizi ndefu, hazina "mwambie" hata moja, lakini nilijua zinakwenda kwa nani. Alimsimulia jinsi Zaituni alivyokuwa mdogo, anaficha chaki za shule ndani ya kibuyu cha maziwa. Alimsimulia siku ya posa, jinsi alivyochungulia kwenye tundu la ukuta akaona kijana wa mjini mwembamba, akasema moyoni huyu hata ndoo ya maji ataiangusha. Nilicheka peke yangu mbele ya plaiwudi. Yeye akaendelea kwa sauti nyingine.

"Kuku, mwaka ule nilifika udongo ukiwa bado mbichi. Mwanangu alinitazama, hakusema kitu. Nilimpikia uji hakunywa. Mtoto wake sikumwona, hata sura sikuijua. Sasa kuku, nikichelewa tena, mimi nitarudi Mgori kwa uso gani?"

Nikaongeza gia, nikakanyaga.

Kwenye kijiji kimoja kabla ya Manyoni walituona kwa mbali, mama amekaa wima nyuma ya ukuta wake, ameshika usukani wake, kijana anamwendesha, wakadhani ni kiongozi wa akina mama aliyekuja kukagua madhara ya mvua. Mwenyekiti wa kijiji alitoka na viti na asali kwenye bakuli, akaanza kueleza habari za daraja lao. Nilijaribu kumkatiza. Mkwe alinyoosha mkono, akapokea asali, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, baba. Poleni sana." Wakatushukuru. Nadhani mpaka leo wanasubiri daraja, na sina la kuwatetea wala la kujitetea.

Manyoni niliwakuta watu waliokuja kwa miguu kutoka Kilimatinde kununua chumvi. Nikauliza habari za Mwalimu Zaituni. Mmoja akasema aliona wanawake wanamsindikiza kwenda hospitali jana, polepole, kwa miguu yake mwenyewe. Nilipotazama kivuli chetu barabarani niliona ameinamisha kichwa kwenye usukani wake.

Manyoni hadi Kilimatinde

Tuliondoka jogoo wanawika. Mvua ilikuwa imenyesha kabla ya alfajiri, na tope la upande ule mnalijua: linashika tairi, linajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linasimama kama limefungwa. Nikayatoa madigadi, nikayaacha kwenye kichaka. Mbele kidogo likajaa kwenye breki. Nikakwangua kwa kijiti, tukaenda, likajaa tena. Mwishoni gurudumu la nyuma likagoma kabisa, nikabaki nalivuta kama ng'ombe aliyekataa kwenda machinjioni.

"Wewe kuku," nikasikia. "Mwambie asimamishe. Tunashuka."

Hapakuwa na jiwe. Alishuka mwenyewe, akasimama, akapiga mguu mmoja chini, kisha wa pili, kama mtu anayejaribu viatu vipya. Akaikaza kanga kiunoni, akaweka kikapu kichwani, akavua kandambili, akaanza kupanda kilima.

Nilikuwa sijawahi kumwona akitembea mbele yangu. Ni mrefu, jamani. Ni mrefu kuliko mimi. Hatua zake zilikuwa ndefu na tulivu, tope halikumsumbua, na mimi niliyejiita fundi nilikuwa nyuma na Chotara begani, natweta, namfuata kwa macho tu. Nilifikiria kama tungefika hapa na miguu ile ya Issuna. Angekaa pale kilimani, anaona mapaa ya Kilimatinde, na asingefika.

Hakugeuka hata mara moja. Alipofika juu alisimama tu kidogo, mpaka aliposikia pumzi zangu zinakaribia, kisha akaendelea.

Kilimatinde

Muuguzi alimwuliza mlangoni, "Wewe ni nani wa mgonjwa?" Akajibu, "Mama yake," akaingia na matope yake mpaka magotini, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Nikasikia Zaituni anaita, "Mama!" mara moja, kwa sauti ya mtoto mdogo. Nikakaa kwenye ngazi.

Walimu wenzake walikuja, wakanipa chai na viazi vitamu. Mmoja alichukua kikapu, akaniuliza kama kuku huyu ndiye wa supu. Nikasema ndiye. Nilimtazama akipelekwa jikoni, nikaona huruma, maana alikuwa amezungumza mengi kwa niaba ya watu.

Saa zilikuwa ndefu. Niliswali adhuhuri, nikarudi kwenye ngazi. Niliswali alasiri, nikarudi. Ndani kulikuwa na sauti, kisha kimya, kisha sauti. Wakati wa kile kimya nilikumbuka mtoto wetu wa kwanza, nikashika ukingo wa ngazi kwa mikono miwili kwa woga. Nikasikia sauti ya mkwe wangu, imetulia, inaendelea kusema kitu kile kile kwa Kinyaturu, tena na tena. Kisha nikasikia mtoto analia, na analia kwa nguvu.

Alitoka yeye mwenyewe. Walimu walikuwa wamekwenda, muuguzi alikuwa ndani, ukumbi wote ulikuwa mimi na yeye. Alisimama kama hatua kumi kutoka nilipo, akageuka ubavu kama desturi inavyotaka, na mikononi alikuwa na kitu kidogo kimefungwa kwenye kanga yake. Nikainuka, nikainamisha kichwa. Sikujua nani ataanza, wala kwa njia gani.

Akainama karibu na ile kanga.

"Wewe," alimwambia mtoto. "Yule aliyesimama pale ndiye baba yako. Mwambie kwamba mama yako ni mzima. Mwambie safari hii nilikuwepo."

"Mwambie bibi yako," nikasema, na sauti ikakatika hapo hapo. Nikaanza upya. "Mwambie bibi yako..." Ikakatika tena. Machozi yalikuwa yananidondoka kwenye viatu, na safari hii sikuwa na nati ya kutafuta.

Mtoto akalia.

"Nimesikia," mkwe akasema.